Tembo Juu, Kobe Kabatini

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeuza Tembo mwingine. Naandika "nimeuza" ingawa risiti ina jina la mjomba. Mjomba alisimama tu na koti lake, anatabasamu kama daktari wa meno. Kazi ilifanywa na gumba langu la kulia.

Niandike jinsi inavyokwenda, maana siku nikiwa tajiri nitasahau nilianzia wapi.

Duka letu linauza risiva — lile boksi linalochukua sauti kutoka kwenye televisheni, simu au santuri na kuisukuma kwenye spika. Mjomba ana aina moja, stoo nzima imejaa. Jitu jeusi, pana, linabeba spika tisa, taa za buluu zinapanda na kushuka usoni. Mimi ndiye niliyelibandika jina la Tembo. Kwa sinema za mabomu halina mpinzani. Bomu likilipuka unajipapasa kuona kama uko mzima. Lakini umwekee mtu anayeimba — basi. Anaimba kutoka ndani ya ndoo.

Ndiyo maana chini ya rafu kuna kabati dogo, mlango wake wa kitambaa cheusi, na ndani yumo Kobe. Kobe ni risiva ya zamani, ya kahawia, mgongo umebinuka. Ukimwasha anafikiri kwanza, ndipo anasema "tak". Hana taa ya maana. Uzito wake utadhani amekula mawe. Lakini mwekee mwimbaji, utageuka kuangalia nani kaingia chumbani. Spika zote za dukani zimeungwa kwa Kobe. Tembo kakaa juu anachezesha taa tu. Mteja anamtazama Tembo, anamsikia Kobe, anafungua pochi.

Ugumu uko kwenye rimoti. Mteja hupewa rimoti ya Tembo. Akiongeza sauti, namba zinapanda kwenye uso wa Tembo, lakini Kobe huko chini hana habari. Hapo ndipo naingia mimi. Rimoti ya Kobe iko mfukoni mwangu, na mfuko nimeutoboa mbele ili mwale wake upite. Namtazama mteja kidole. Akibonyeza, nabonyeza. Akishusha, nashusha. Siku moja mke wa mjomba alifua suruali yangu, akanihurumia, akashona lile tundu. Mteja akaongeza, akaongeza, akaongeza, sauti palepale. Mjomba akasema mashine imechoka na safari.

Anayejua siri hii nje ya familia ni Fundi Simu wa duka la pili. Yeye ndiye aliyeanza kuniita Gumba. Sasa mtaa mzima wananiita Gumba bila kujua kwa nini. Sina neno. Wenzangu waliomaliza shule wana vyeti, mimi nina kidole.

Mchana mjomba akanifungia ndani kama kawaida. Geti la vyuma, kufuli kwa nje, yeye huyo nyumbani kula. Anasema ni kwa usalama wa mali. Nikamuuliza, mali ni risiva au mimi? Akasema, "Vyote, mpwa wangu." Alidhani ananisifia.

Jumatano, 5 Machi

Leo kaja mteja asiyetazama taa.

Mama wa makamo, miwani minene, kilemba kimekaa upande kama mtu mwenye haraka tangu ujana. Kwapani kabana santuri ndani ya mfuko wa nailoni. Nikampa jina kabla hajavuka kizingiti: Mama Santuri. Mjomba akaanza mahubiri yake. Spika tisa, mabomu, uwanja wa mpira sebuleni kwako. Mama akamwacha amalize, kisha akamwambia taratibu, "Baba, mimi sina vita na mtu. Nataka kusikiliza muziki."

Nikacheka. Mjomba akanikata jicho.

Anafungua mahali pa chai. Chumba cha chini cha nyumba yake, viti, santuri zake, watu wanakunywa chai na kusikiliza kimya. Nikamuuliza nani atalipa ili akae kimya. Akasema nitashangaa watu wangapi wana nyumba zenye kelele.

Mjomba akampa rimoti ya Tembo. Yeye akanipa mimi. "Shika wewe, mimi mikono yangu haina kazi hapa." Akaketi, akafumba macho. Sijapata kuona. Taa zote zile zinamchezea nani? Nikabaki na rimoti mbili, moja mkononi, moja mfukoni, najifuatisha mwenyewe kama mwendawazimu.

Wimbo wa bendi ya zamani. Magitaa mawili, ngoma, mwanamume mbele, waitikiaji nyuma. Ulipokwisha akauliza, macho bado kafumba, "Umesikia nini, kijana?"

Mjomba akadakia: besi nzito.

"Sijakuuliza wewe, baba."

Sasa hilo ndilo swali ambalo nimelisubiri tangu nizaliwe. Nikamwambia gitaa la pili linachelewa kidogo, aliyelipiga alikuwa anamsikiliza mwenzake. Kuna mtu anagonga sakafu kwa mguu. Na kwenye kiitikio, mtu atadhani ni wanaume watupu, lakini kushoto kuna msichana. Anaingia mbele ya wenzake, kidogo tu, kama anayeijua njia.

Akafumbua macho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Huyo msichana ni mimi."

Alikuwa akishona sare za bendi. Siku ya kurekodi mwitikiaji mmoja hakutokea, wakamsukuma yeye mbele ya maikrofoni, nyimbo aliziweza kwa kuzisikia akiwa kwenye cherehani. Jina lake halikuandikwa kwenye jalada. Bendi ikavunjika, yeye akaolewa. Amewaambia wakwe, amewaambia watoto, wanacheka, maana kwenye redio zao na simu zao msichana hasikiki kabisa. Wifi yake mkubwa humwita "mwimbaji wetu" mbele za wageni, na wageni hucheka.

"Umri wote huu," akasema, "na aliyenisikia ni wewe."

Akasema anaitaka mashine hii, na anayataka na hayo masikio. Awe na mtu wa kusimamia muziki. Kuna mshahara, na kuna chumba juu, kina dirisha. Nikauliza dirisha linafunguka? Akanitazama kama nimeuliza kama maji yanalowesha. Hajui kuwa mimi nalala stoo, katikati ya maboksi, na dirisha langu ni picha ya mlima iliyochapwa kwenye boksi la televisheni.

Kalipa hapohapo. Anadhani amenunua alichosikia.

Alhamisi, 6 Machi

Santuri kaniachia. "Nakuachia wewe, siyo mjomba wako." Mashine nitampelekea Jumapili.

Mchana nilipofungiwa nikasema ngoja nimpe Tembo haki yake. Nikachomoa nyaya za spika kwa Kobe, nikazichomeka kwa Tembo. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikahakikisha, maana ukizigeuza besi inakimbia na utamlaumu mtu bure. Nikaweka sindano.

Msichana hayupo.

Nikarudia. Mwanamume wa mbele yupo, tena kanenepa. Ngoma zipo, zinasukuma kifua. Waitikiaji wamekuwa ukungu. Kushoto, pale anaposimama msichana, pana kitu kama shuka linalokung'utwa.

Nikabonyeza kila kitu. Tembo ana kitufe cha ukumbi: msichana akawa ukumbini, mbali, pengine nje kwenye maegesho. Kitufe cha uwanja: akapanda gari akaondoka. Kitufe cha sinema: nadhani walimuua. Nikazima madoido yote, nikaacha spika mbili tu, nikachagua sauti itoke kama ilivyoingia. Hapo akarudi. Siyo mzima, lakini bega lake nililiona. Nikakaa chini kwa furaha. Upande wa santuri haujaisha, Tembo akapata moto, huweki kiganja. Akasema "tak", akazimika, taa na majigambo yote. Nikamsubiri apoe. Akaimba kidogo, akazimika tena. Ile sehemu ya ndani inayogawa umeme, kwa Kobe ni kama tofali, kwa Tembo ni kama kipande cha sabuni. Nguvu kidogo, spika tisa, hakuna anayeshiba.

Fundi Simu akachungulia getini na kikombe chake. "Gumba, mbona unamtazama Tembo kama mgonjwa?"

Nikamweleza yote. Akasema basi mwambie mama ukweli. Nikamwambia nikisema, mjomba ananitupa nje leo hii, na mama hawezi kumpa chumba tapeli. Akasema basi nyamaza. Nikamwambia nikinyamaza, mama atamwita wifi yake aje asikilize, na msichana hatakuwepo. Akanywa, akafikiri.

"Basi shukuru umefungiwa. Hakuna anayetegemea utoke."

Akaenda zake. Mshauri gani huyu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba mjomba amtoe Kobe kwa Mama Santuri badala ya Tembo.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinikalisha juu ya boksi la spika, akaagiza soda mbili. Mjomba akiagiza soda ujue kesi umeshashindwa.

"Mpwa wangu. Kobe akiondoka, kesho wateja watamsikia nani?"

"Watamsikia Tembo."

"Eeh. Watamsikia Tembo."

Akaniacha hapo nijichemshe.

Akasema hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Watu wananunua taa. Wakifika nyumbani wanakumbuka walivyosikia dukani, na ile kumbukumbu inafanya kazi iliyobaki. Nikasema huyu hatazami taa, huyu anajitafuta mwenyewe ndani ya wimbo. Akasema anayejitafuta anunue kioo. Nikacheka, kwa bahati mbaya. Ndiyo shida ya huyu mzee, anachekesha.

Kuhusu kazi kwa Mama Santuri, hapana. Nani atashika rimoti? Amewahi kujaribu mwenyewe. Gumba lake zito, mteja anapunguza yeye anaongeza.

Nikampigia simu mama yangu. Akasema mjomba wako alikupokea ulipoacha shule na hakuna aliyekutaka, usinitie aibu kwa kaka yangu. Nikasema sawa, mama. Ukiongea na mama yangu neno ni hilo. Ukitafuta lingine halipo.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kwa Mama Santuri na Tembo begani na sentensi mdomoni. Sentensi nilikuwa nimeipanga njia nzima: Mama, ulichosikia sicho ulichonunua. Nzuri, fupi, hata mwenye digrii angeitamani.

Akafungua mlango akasema, "Nimeshamwambia wifi."

Jumamosi. Wifi mkubwa atakuja, na watoto wa mama, na wakwe, na majirani. "Sitasema neno. Nitaweka santuri, nitakaa."

Kisha akanipandisha juu anionyeshe chumba. Kitanda, kiti, msumari wa kutundikia shati. Alikuwa akishonea humo, amehamisha cherehani kwa ajili yangu. Na dirisha. Nikalifungua, nikalifunga, nikalifungua. Paa la bati la jirani, kamba ya nguo, mtu kwenye ua anachana nywele. Upepo ukaingia bila kuomba ruhusa kwa mjomba.

Tulipokuwa tunashuka nikafungua mdomo. Akawahi yeye.

"Unajua, nilianza kuamini kwamba niliota. Watu wakikucheka sana unajiuliza. Mpaka uliposema kushoto."

Sentensi yangu ikarudi tumboni. Badala yake nikatoa nyingine, sijui ilitoka wapi: asiiwashe mashine mpaka nije mwenyewe, risiva mpya lazima izoee kwanza hewa ya nyumba.

Mtu mzima, miwani yote ile, akaniamini. "Wewe ndiye mtaalamu."

Nimesifiwa sana maishani, hasa na mimi mwenyewe. Hii ndiyo sifa ya kwanza kunikwama kooni.

Jumanne, 11 Machi

Mjomba kapata wazo. Mjomba akipata wazo, watu wajifiche.

Mama Santuri alimpigia kumwalika Jumamosi, kwa adabu tu. Mjomba akauliza wageni ni akina nani. Wakwe wenye nyumba za ghorofa. Mwenye duka la dawa. Wifi mwenye magari ya mizigo. Nilimwona anavyong'aa usoni, polepole, kama Tembo akiwashwa.

"Nenda," akaniambia. "Kafanye kazi kwake. Kaa huko huko."

Nikadhani ana homa.

"Na Kobe uende naye. Utamweka ndani ya kabati, Tembo juu, rimoti mfukoni. Kama hapa. Wateja nitawaleta huko wanywe chai wasikilize, halafu nawarudisha hapa walipe. Ile siyo nyumba ya chai tena, mpwa wangu. Ni tawi letu."

"Na mama?"

"Mama anataka asikike. Si atasikika?"

Atasikika. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa, mjomba hajakosea. Msichana wa kushoto atakuwepo, wifi atanyamaza, mimi nitapata dirisha. Nilikubali kabla hajamaliza soda yake.

Nilipokuwa nakunja nguo zangu stoo ndipo nilipoona. Mama akiongeza sauti, lazima niwepo. Akipunguza, niwepo. Nikienda chooni muziki unisubiri. Nisiumwe. Nisisafiri. Siku nikisahau kuvaa suruali hii, mimi na yeye tumekwisha. Nimetolewa nyuma ya geti la vyuma, nikafungiwa ndani ya suruali yangu mwenyewe.

Na nilisema asante. Kwa mdomo huu.

Alhamisi, 13 Machi

Kabati limefika, mlango wa kitambaa kama lile la dukani. Seremala akauliza kabati la nyaya linatiwa kufuli la nini. Nikasema panya. Akasema basi panya wa nyumba hii ni watu wazima.

Kobe kaingia wakati mama yuko sokoni. Nikafunga, nikatia ufunguo mfukoni. Mfuko mzima, siyo ule wenye tundu. Nikaweka santuri. Msichana yupo, anaijua njia yake.

Sikusikia mama akirudi. Alisimama mlangoni na vikapu, akawa anaitikia, sauti yake ya leo nzito kidogo, chini ya ile ya zamani. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Tembo. Kwa shukrani! Tembo, mshenzi yule, anachezesha taa zake kana kwamba amefanya kitu.

Nikashindwa kula.

Jumamosi, 15 Machi

Wako chini. Mimi niko juu, chumbani kwangu. Nimekuja kutafuta ufunguo wa kabati. Ufunguo ninao mkononi.

Niandike haraka.

Mchana viti vilijaa. Mjomba alikuja wa kwanza, koti lile lile, na bunda la karatasi zenye picha ya Tembo. Akamgawia kila mtu, hata bibi mmoja aliyekuwa anasinzia. Wifi mkubwa aliingia mwisho, mrefu, mkoba wake wa kutosha safari ya wiki. Akasimama katikati. "Haya, mwimbaji wetu. Tumekuja kukusikia." Watu wakacheka na biskuti midomoni. Mama akampa kiti kizuri.

Kisha akaniangalia. Nikaweka sindano.

Sijawahi kufanya kazi safi kama leo. Mama alishika rimoti ya Tembo, akaongeza kidogo, gumba langu likaenda naye kama kivuli chake. Kikaja kiitikio. Wanaume wakaingia. Na kushoto, nusu hatua mbele yao, yeye.

Binti yake mkubwa ndiye aliyeanza. Aliweka kikombe chini, akakosa sahani, chai ikamwagika. "Mama. Hiyo ndiyo sauti uliyokuwa unatulaza nayo."

Wakageuka wote. Wakaomba irudiwe. Nikarudisha sindano. Yule bibi aliyesinzia akasema huyo ni wewe kabisa, hata ukiita kuku unaita hivyo hivyo. Wakacheka, lakini kicheko kingine, cha watu waliosogea karibu. Mama hakulia. Alichukua biskuti, akaila yote, taratibu, kama mtu aliyetoka kazini. Mimi pale pembeni nikasahau kila kitu. Nikasema Gumba, ukiweza hili moja, hata ukifungwa maisha, sawa tu.

Mjomba alishamvuta mwenye duka la dawa, anamwonyesha Tembo kwa kidole.

Ndipo wifi akasimama.

"Santuri hii na mimi ninayo. Nimeisikiliza tangu sijaota mvi. Hakuna mwanamke humo."

Akawageukia wageni.

"Siku hizi watu wanapachika sauti. Kijana anakaa na mashine yake, anapachika anachotaka."

Mama akasema, "Wifi, santuri si uliiona ikitoka kwenye jalada?"

"Nimeiona. Na hili nalo naliona." Akamsogelea Tembo, akamwekea kiganja mgongoni. "Limeimba muda wote huu. Mbona baridi?"

Huyu wifi angekuwa polisi, mjomba angekuwa ndani tangu zamani.

Akainama, akaweka kiganja kwenye kitambaa cha kabati. "Joto liko huku. Humu mna nini?"

"Nyaya," akasema mama.

"Nyaya zinafungwa kwa kufuli?"

Mimi nikasema panya. Wakati huo huo mjomba akasema watoto. Hakuna aliyecheka.

Sijawahi kumwona mama kakasirika. Alisimama, kilemba kikateleza, hakukishika. "Umenicheka tangu siku niliyoingia ukoo huu, nikanyamaza. Leo hunichekei nyumbani kwangu. Utaona kwa macho yako, na wote hawa wataona." Akanigeukia. Uso wake haukuwa na shaka hata chembe. "Gumba, mwanangu, wafungulie."

Nikasema ufunguo uko juu.

Sasa niko juu.

Nikifungua, watamwona Kobe. Mashine iliyofichwa, ya moto, nyaya zote za spika zinatoka kwake. Nani atanisikiliza nikieleza kwamba Kobe hapachiki kitu? Kwamba wa chini ndiye mkweli na wa juu ndiye mwongo? Nitakuwa bado naongea, wifi keshafika getini anawasimulia wapita njia. Kitu cha kweli katika chumba kile ni msichana peke yake, na mimi nimemzungushia uongo mpaka anafanana nao.

Nisipofungua, ni hivyo hivyo. Wifi kashinda.

Dirisha liko wazi. Bati la jirani liko karibu, mguu unafika, nimeupima. Nikitoka hapa watapata jibu bila hata kuvunja kufuli: kijana kakimbia, basi ni kweli alipachika. Na mama atabaki pale katikati ya viti.

Mjomba namsikia anasema jamani tunywe kwanza chai, haya mambo ya kabati baadaye. Sauti yake imekuwa nyembamba. Anafikiria Kobe. Au ananifikiria mimi, sijui, sitaki kumdhulumu.

"Tunasubiri," anasema wifi.

Mtu anapanda ngazi. Siyo mjomba, yeye hupanda kwa kuhema.

Amegonga. Nyumba ni yake lakini amegonga.

"Mwanangu, kama umeupoteza usihangaike. Seremala yuko hapa chini na wageni, atavunja. Kabati ni langu."

Nimemjibu nimeupata.

"Basi toka, tushuke wote."

Hajaondoka. Vidole vya miguu yake naviona chini ya mlango.